Mtoto akiwekewa kipanuzi cha kaakaa: ushauri kwa mnaoanza tiba ya matamshi

Ninyi mnaoanza kazi hii hapa Kampala, nawaomba mlishike jambo moja mapema: mrekodini mtoto kabla daktari wa meno hajamfunga kipanuzi cha kaakaa, yaani chuma cha kupanua taya la juu lililo jembamba. Dakika mbili za simu zinatosha, mzazi akikubali. Bila rekodi hiyo, mama atarudi akisema, "Musawo (daktari), mwanangu alikuwa anaongea vizuri, sasa ni mate tu," nanyi hamtajua kama kitembe kimeletwa na chuma au kilikuwepo tangu zamani.

Kipanuzi hushikizwa kwenye magego ya juu, kushoto na kulia, na skrubu hukaa katikati, chini ya kaakaa gumu. Mzazi huizungusha nyumbani kwa ufunguo mdogo. Kila robo ya mzunguko hufungua kama milimita 0.25, na mfupa huachana taratibu kwenye mshono wa katikati, ambao kwa watoto bado haujaungana. Kupanua kwenyewe ni wiki mbili tatu hivi, lakini chuma hubaki miezi kadhaa zaidi ili mfupa mpya ujaze nafasi.

Sasa fuateni ulimi. Sauti p, b, m, f na v ni kazi ya midomo, hivyo hazisumbuki sana. Taabu iko kwenye sh, ch, j na ny, maana mgongo wa ulimi hupanda pale pale palipo na skrubu. Kwa s na z, kingo za ulimi lazima ziegemee meno na fizi za pembeni ili hewa ipite kwenye mfereji mwembamba wa katikati. Vyuma vikizuia kingo hizo, hewa huvujia pembeni. K nayo inataka umakini. Katika "kiti" ulimi hugusa mbele zaidi kuliko katika "kuku", kwa hiyo mtoto anaweza kuliharibu neno la kwanza na kulitamka la pili safi kabisa. Ukipima kwa "kuku" peke yake, utaandika kwamba k ni nzima.

Pimeni kwa lugha ambayo mtoto anaiongea nyumbani. Kiganda kina konsonanti za kuvuta, yaani zinazorefushwa, kama kwenye "ssebo" na "nnyabo", na s iliyovutwa huianika kasoro ambayo "soko" lingeificha. Kisha mwambieni atoe ulimi. Mara nyingine mtaona alama za vyuma zimejichapa mgongoni mwake. Hapo ndipo ulimi unapogongana na kifaa. Linganisheni mahali hapo na sauti zilizoharibika kabla ya kuandika chochote kwenye faili.

Watoto wengi huzoea ndani ya siku chache hadi wiki chache. Asome kwa sauti nyumbani, polepole, akimeza mate kabla ya sentensi. Mwalimu aandikiwe barua asimwite mtoto kusoma mbele ya darasa wiki ya kwanza. Kuchekwa kunaumiza kuliko skrubu. Mwanya ukifunguka kati ya meno mawili ya mbele, mtulizeni mzazi: ni dalili kwamba mfupa unaachana, na s inaweza kupiga mluzi kwa muda.

Msimwahidi mzazi kwamba kupanua kutaponya kitembe cha siku nyingi. Ulimi hupata nafasi, ila tabia yake haibadiliki bila mazoezi.

Uangalifu mkubwa zaidi ni kwa mtoto aliyezaliwa na kaakaa lililopasuka akashonwa, kama wengi wanaotibiwa hospitali ya CoRSU pale Kisubi. Kupanua kunaweza kufungua au kukuza tundu lililobaki kwenye kovu. Shikeni kioo kidogo chini ya pua, mtoto aseme "sasa", "papa", "kaka". Msitumie neno lenye m au n, kwa kuwa hizo hupitia puani kwa kila mtu. Kioo kikipata ukungu ambao hamkuuona siku mliyomrekodi, msimpe mazoezi ya kupuliza maputo: hayazibi tundu. Mpigieni daktari wa meno na daktari wa upasuaji siku hiyo hiyo, kabla skrubu haijazungushwa tena.