Saa Kumi na Tano za Addis Ababa

Wiki iliyopita nilipokea ujumbe kutoka kwa binti mmoja wa Chake Chake, Pemba, ambaye amepata udhamini wa kusoma nje ya nchi. Tiketi yake inaonesha kwamba atakaa transiti Addis Ababa, yaani atasubiri ndege ya pili, kwa saa kumi na tano, naye ameniuliza mtu hufanya nini kwa muda wote huo. Nilimjibu kwa mistari michache, lakini jibu langu halikuniridhisha, kwa sababu saa kumi na tano katika uwanja wa ndege wa Bole, wa Addis, ndizo hasa nilizozikaa mimi mwaka 2016, na kwa kutozijua nilipata hasara ambayo sijaisahau. Najua kwamba wengi mnaonisoma mnasubiri barua ya udhamini kama aliyoipata yeye, kwa hiyo nimeona niwaandikie nyote.

Mimi ni mzaliwa wa Wete, na kabla ya safari ile sikuwahi kupanda ndege. Nilivuka kwa boti kutoka Mkoani, nikalala Unguja kwa mama mdogo, na alfajiri tukaenda Kisauni, uwanja wa ndege. Nilikuwa nakwenda Guangzhou, China, kuanza shahada ya uzamili, wa kwanza katika ukoo wetu. Mama alikuwa amenifungia mzigo kwa mkono wake mwenyewe: mchele kidogo, dagaa, achari ya ndimu, na chupa moja ya mafuta ya makonyo ya karafuu ambayo alinisisitizia niiweke kwenye mkoba wa mkononi isije ikavunjika.

Chupa ile haikuvuka ukaguzi wa transiti. Tangu mwaka 2006 viwanja vingi duniani haviruhusu kitu cha majimaji kwenye mkoba wa mkononi isipokuwa kiwe katika chombo kisichozidi mililita 100, na chupa ya mama ilikuwa ya robo lita. Afisa aliifungua, akainusa, akaninusisha na mimi kama anayetaka kuniuliza ni kitu gani, kisha akaitia katika pipa pamoja na chupa za maji za abiria wengine. Achari nayo ikafuata. Harufu ya karafuu ilibaki kwenye vidole vyangu mchana kutwa, na kila nilipojipangusa uso nilimkumbuka mama. Mafuta, asali, achari na halua ya Wete vyote vitiwe kwenye sanduku la chini, vifungwe vizuri kwa mifuko miwili, na mama zetu waelezwe mapema ili wasihuzunike.

Lakini hilo lilikuwa dogo. Lililoniumiza lilitokana na saa. Tiketi yangu iliandikwa kwamba ndege ya Guangzhou itaondoka Alhamisi, 00:20. Hesabu ya kutoa sita niliijua, nikapata saa sita na dakika ishirini usiku, na hapo sikukosea. Nilichokosea ni siku. Nilikuwa nimefika Jumatano saa tatu asubuhi, na katika akili yangu Alhamisi usiku ni ule usiku unaoingia baada ya mchana wa Alhamisi kumalizika. Kwa hiyo nilijihesabia siku moja na nusu ya kukaa, nikaona ni majaaliwa, nikajipanga kwa subira.

Marehemu bibi yangu asingekosea. Kwake yeye siku ilianza jua linapotua, na akisema usiku wa Ijumaa alikusudia usiku unaofuata mchana wa Alhamisi, ule unaosomwa Yasini. Sisi tuliosoma shule tuliiacha hesabu ile tukaiona ya kizamani, tukawa tunasema Ijumaa usiku kwa maana nyingine kabisa. Ndege inayoondoka baada ya saa sita za usiku huandikwa tarehe ya siku inayokuja, na ndiyo maana hesabu ya bibi inaoana nayo. Andikeni kwenye karatasi, kwa maneno kamili na kwa Kiswahili: usiku wa kuamkia Alhamisi, saa sita na dakika ishirini. Karatasi hiyo muiweke ndani ya pasipoti.

Saa tatu za usiku ule wa Jumatano ukumbi wa Bole ulikuwa umefurika watu, kwa sababu ndege nyingi za mbali huondoka hapo kuanzia usiku huo mpaka baada ya saa sita. Mimi nilikimbia zogo. Nilitafuta kona ya mbali, nikajifunika kanga, nikalala nikiwa na hakika kwamba zogo lile halinihusu. Yawezekana jina langu liliitwa kwenye vipaza sauti, sikulisikia. Nilipoamka ilikuwa saa saba kasoro, ukumbi ulikuwa karibu mtupu, mfagiaji alikuwa anasukuma gari lake la maji, nami nilikwenda kwenye dawati moja kuuliza msala uko wapi. Mhudumu aliomba kuiona pasi yangu ya ndege. Aliitazama, akaweka kidole juu ya tarehe, kisha akanionesha saa ya mkononi mwake bila ya kusema neno.

Nililipa dola 150 ili nibadilishiwe safari, na fedha hizo zilikuwa ni za chumba cha mwezi wa kwanza. Nilikaa tena pale mpaka usiku wa pili, na nilipofika China aliyekuja kunipokea jana yake alikuwa amekwisha kata tamaa. Nilimpigia simu aliyeniuzia tiketi mjini, nikamwambia kwamba aliniona ni mgeni wa safari na hakunieleza chochote. Alinijibu neno moja: ungeuliza. Miaka imepita, nimesamehe dola, lakini neno lile bado linanichoma, kwa sababu mtu hawezi kuuliza jambo asilojua kuwa lipo. Nawaomba wote wanaouza tiketi kwa watoto wa watu wanaosafiri mara ya kwanza wachukue dakika tano kuwasomea tiketi zao. Hiyo ni amana.

Tangu wakati huo nimekaa transiti mara nyingi, Doha, Istanbul, na Addis yenyewe mara nne, na nimefahamu kwamba muda mrefu ni hatari kuliko muda mfupi. Aliyepewa saa moja hukimbia na huiwahi ndege yake. Aliyepewa saa kumi na tano hulegea, hulala, huzunguka madukani, na mlango hufungwa yeye akiwa ghorofa ya juu anatazama mikoba. Kwa hiyo kazi ya kwanza, kabla ya chakula na kabla ya kupumzika, ni kwenda kuuona mlango wa kuondokea kwa macho yako, kupima dakika za kutembea, kisha kuhakikisha kwenye ubao mara kwa mara kwamba haujabadilishwa. Saa mbili kabla ya ndege, uwe umekwisha kaa karibu yake. Ukitaka kulala, simu iwe na kengele tatu.

Addis ina jambo lake ambalo sisi Waswahili tunalifurahia lakini linaweza kutupoteza. Wahabeshi huhesabu saa kama sisi: saa moja asubuhi kwao ni saa moja asubuhi kwetu, na majira ya Addis na Zanzibar ni yaleyale. Ukimuuliza mfagiaji saa ngapi huenda akakujibu kwa Kiingereza lakini kwa hesabu ya kwao, ilhali ubao wa ndege unafuata hesabu ya kimataifa. Tofauti ni saa sita nzima. Kwa mambo ya ndege, fuata ubao peke yake.

Jambo jengine ni baridi. Mji ule uko zaidi ya mita 2,300 juu ya usawa wa bahari, na sisi tuliozoea joto la pwani tunateremka pale na baibui jepesi tukidhani Afrika yote ni Mkoani. Chukua sweta, soksi nzito na doti moja ya kanga. Kipande kimoja utajifunika, cha pili utatandika na kuswalia. Kibla cha Addis ni kama cha kwetu, kuelekea kaskazini, kwa hivyo hutapata tabu. Doha ni upande wa magharibi ukivuta kidogo kusini, na Istanbul ni kusini mashariki.

Chaji ya simu usiidharau, kwa sababu tiketi, barua ya chuo na namba za wenyeji wako vyote vimo humo. Plagi zetu za miguu mitatu ya bapa haziingii kwenye soketi za Ethiopia, ambazo ni za miguu miwili ya duara, kwa hiyo nunua adapta Darajani kabla hujaondoka. Intaneti ya bure katika viwanja vingi hutaka namba ya siri inayotumwa kwa ujumbe wa simu, na laini yako ya nyumbani huenda isiipokee. Chapisha kila kitu kwenye karatasi.

Mwezi wa pili mwaka huu nilipita tena Bole, nikakaa saa kumi na tatu, na safari hii nilikuwa nakwenda kuwasilisha utafiti wangu mbele ya wataalamu. Niliposhuka tu nilikwenda kwenye dawati la transiti, nikauliza kuhusu chumba. Baadhi ya mashirika humpa abiria hoteli na chakula kama kusubiri kunapita saa nane na hakuna ndege ya mapema zaidi, ikitegemea aina ya tiketi, lakini ni lazima uende ukaulize. Mwaka 2016 sikuuliza, nikalala sakafuni. Mwaka huu nililala kitandani, nikaoga, nikarudi saa nne kabla ya ndege, nikakaa na mama mmoja wa Kihabeshi anayepika kahawa kwenye jebena, buli lao la kahawa, akanimiminia kwenye kikombe kidogo kisicho na mkono, kama vya barazani kwetu. Nilikunywa vikombe vitatu. Nilijiona mtu mwengine kabisa, na sioni haya kusema kwamba nilijivunia.

Kwa binti wa Chake Chake, nakuongezea hili ambalo sikukuandikia kwenye ujumbe. Hakikisha una kadi ya manjano, ile ya chanjo. Ethiopia imo katika nchi zenye hatari ya homa ya manjano, na ukikaa transiti huko zaidi ya saa 12 wakati wa kurudi utatakiwa kuionesha unapoingia nyumbani. Chanjo yenyewe siku hizi inahesabiwa ya maisha, basi usiipoteze. Ndege yako ya pili inaondoka 01:10, tarehe 14, na tarehe 14 ni Jumapili. Maana yake ni Jumamosi, baada ya isha, uwe umekwisha kaa mlangoni. Saa nne za usiku huo nitakutumia ujumbe, na usiponijibu nitapiga simu mpaka uamke.