Swali la Lugha: Kumiliki Silaha, Kubeba Silaha na Serikali Inayovuka Mipaka

Msomaji wetu mmoja, mfasiri anayefanyia kazi zake Morogoro, ametuandikia hivi: "Ninatafsiri riwaya ya kisiasa ya Kimarekani pamoja na maneno ya kuitangaza. Mwandishi wake ni mfuasi wa chama cha Libertarian. Nimeandika kwamba kitabu hiki 'kinapigia debe haki ya kubeba bunduki na kulaani serikali inayovuka mipaka, kama wanavyoamini waliberali wote.' Mhariri amenirudishia sentensi hiyo akisema haifai. Kosa liko wapi? Na je, kubeba silaha na kumiliki silaha si jambo moja?"

Ndugu yetu, sarufi yako haina tatizo. Shida ni kwamba msomaji wa Kiswahili ataielewa sentensi hiyo kinyume na alivyokusudia mwenye kitabu, na mwandishi mwenyewe akitafsiriwa sentensi hiyo itamkera zaidi. Nianze na neno la hatari kuliko yote, waliberali. Katika siasa za Marekani, anayeitwa mliberali kwa kawaida ndiye anayetaka sheria za bunduki zikazwe na serikali itoe huduma nyingi zaidi. Mfuasi wa chama cha Libertarian, chama kilichoanzishwa Colorado mwaka 1971 na David Nolan na wenzake, anataka kinyume chake: serikali ipunguzwe, na wengi wao hawataki ibaki na kazi zaidi ya ulinzi, polisi na mahakama. Ukimwita mliberali umempeleka kambi ya wapinzani wake.

Wapo wafasiri wanaokimbilia "wapenda uhuru". Linavutia sikioni, lakini kwetu Afrika Mashariki uhuru una historia nzito. Mpenda uhuru ni yule aliyepigania bendera ya mkoloni ishuke mwaka 1961 au 1963, na uhuru huo ulikuwa wa taifa zima. Mtu anayelalamika kwamba taifa hilohilo linamtoza kodi nyingi na kumpangia maisha hatuna mazoea ya kumwita hivyo. Kuna pia pendekezo la "mhuria", kutokana na soko huria. Ni neno zuri la Kiswahili, ila huria kwa wasomaji wengi imebaki kwenye mambo ya biashara, na anayelikuta kwa mara ya kwanza atadhani anasoma habari za bei za mazao. Mimi ningeandika mlibertari, walibertari, ulibertari, kwa njia ileile iliyotupatia proletari, kisha mara ya kwanza nilifafanue kwa maneno machache: anayeshikilia uhuru wa mtu binafsi na kutaka madaraka ya serikali yapunguzwe. Baada ya hapo msomaji ataenda nalo mwenyewe.

Sasa silaha. Umeuliza kama kumiliki na kubeba ni jambo moja. Si jambo moja kabisa, na tofauti hiyo imepelekwa hadi Mahakama ya Juu ya Marekani zaidi ya mara moja. Chanzo ni sentensi moja tu, Marekebisho ya Pili ya Katiba yao yaliyoidhinishwa mwaka 1791. Mimi huifasiri hivi: "Kwa kuwa wanamgambo wenye utaratibu mzuri ni wa lazima kwa usalama wa dola huru, haki ya wananchi ya kumiliki na kubeba silaha haitaingiliwa." Vitenzi ni viwili, na kila kimoja kimekuwa na kesi yake.

Kesi ya kwanza ni ya Dick Heller, mlinzi wa mjini Washington. Akiwa zamu kwenye jengo la serikali aliruhusiwa kuwa na bastola kiunoni. Akitoka kazini na kurudi nyumbani, sheria ya mji ilimnyima kibali cha kuwa na bastola yake mwenyewe ndani ya nyumba. Yaani mchana alibeba, usiku hakuruhusiwa kumiliki. Mwaka 2008 majaji 5 dhidi ya 4 wakaamua kwamba ana haki ya kuwa nayo nyumbani kwa ajili ya kujilinda. Ukiandika kwamba Heller "alishinda haki ya kubeba bunduki", umeipotosha kesi. Kubeba kulikuja baadaye, mwaka 2022, mahakama hiyohiyo ilipoitengua sheria ya New York iliyomtaka anayeomba leseni aoneshe sababu ya pekee ya kutembea na bastola hadharani. Safari hiyo majaji walikuwa 6 dhidi ya 3.

Kwa hiyo pale riwaya inapozungumzia bastola iliyo kwenye droo kando ya kitanda, andika kumiliki au kuwa na silaha. Pale mhusika anapoingia mgahawani ameificha chini ya koti, andika kubeba, au vizuri zaidi andika kama watu wanavyosema mtaani: anatembea na bastola. Jihadhari na vitenzi viwili jirani. "Kuweka silaha" kunakaribia mno kuweka silaha chini, yaani kusalimu amri, na huku kwingine kunanusa kuficha silaha. "Kushika silaha" nako ni kuingia vitani au kuasi. Mlibertari mwenye bastola kwenye droo hajaasi wala hajasalimu amri, na mfasiri asimfanyie lolote kati ya hayo kwa kitenzi tu.

Bunduki nayo iangalie. Kwa wasomaji wengi bunduki inaleta picha ya kitu kirefu: ya askari wa doria, ya mwindaji, au gobore la mzee kijijini. Kesi zote mbili nilizotaja ziligusa hasa bastola. Silaha, kwa upande mwingine, ni pana mno kwa sababu panga na mkuki zimo ndani yake. Kwenye maneno ya sheria tumia silaha, au silaha za moto pale panapotakiwa kutenga panga. Kwenye masimulizi itaje ilivyo, kama ni bastola ni bastola, kama ni bunduki ni bunduki.

Neno wananchi ndilo ninalotaka ulifikirie sana. Kwa miaka mingi Wamarekani walibishana kama haki ile ni ya mtu mmojammoja au ni ya watu kwa pamoja, kwa sababu ya wanamgambo wanaotajwa mwanzoni mwa sentensi. Mgawanyiko wa majaji 5 kwa 4 ulihusu jambo hilo. Sasa tazama akiba tuliyo nayo: watu, wananchi, raia, umma. Ukiandika "haki ya umma" umewapa ushindi majaji wanne walioshindwa, maana umma haumiliki bastola ndani ya nyumba ya mtu. Ukiandika "haki ya kila mtu" umewapa ushindi wale watano kabla hawajaanza hata kusikiliza kesi. Raia ni zuri, lakini kwetu raia ni pia asiye askari, na hapo unaleta mzozo ambao haupo kwenye sentensi ya mwaka 1791. Wananchi linaacha mlango wazi pande zote mbili, ndiyo maana nimelichagua.

Na wanamgambo? Wengi watalipinga, na nawaelewa. Kwa Mtanzania wa leo mgambo ni yule mwenye sare anayewahamisha wamachinga barabarani. Kwa mtu wa Kongo mashariki wanamgambo ni watu wa kukimbiwa. Hakuna kati yao anayefanana na mkulima wa Virginia wa karne ya 18 aliyetakiwa kutokea na bunduki yake mwenyewe akiitwa. Hata hivyo nalitetea, kwa sababu mgambo asili yake ni mwito wenyewe, ile mbiu ya mgambo ambayo ikilia kuna jambo. Watu wanaoitwa kwa mbiu waje kulinda mahali pao ndio hasa walikusudiwa. Kwenye riwaya, mpe msomaji nusu sentensi ya ufafanuzi, neno litatulia.

Kuhusu "haitaingiliwa": wengine huandika "haitakiukwa" au "haitavunjwa". Kukiuka na kuvunja ni vitenzi vya kosa lililokamilika. Mlibertari anaposoma sentensi ile anaona kwamba hata kuipunguza haki kidogo, kwa ada ya leseni au kwa muda wa kusubiri, tayari ni kuigusa. Wapinzani wake wanasema haki zote zina mipaka, na hata Jaji Antonin Scalia, aliyeandika hukumu ya Heller, alisema haki hiyo si ya bila kikomo, akataja makatazo kwa watu waliotiwa hatiani kwa makosa makubwa na katazo la kubeba silaha shuleni na kwenye majengo ya serikali. "Kuingilia" kunawatosha wote wawili wabishane humo.

Jambo moja linalohusu msomaji wetu wa hapa. Tanzania na Kenya, silaha ni jambo la kibali au leseni, na katiba zetu hazina ibara inayompa mtu haki ya bunduki. Kwa hiyo mtu wa kwetu akisoma "haki ya kumiliki silaha" anaweza kudhani ni hati, kana kwamba mhusika amesahau kuifuata polisi. Kama riwaya ina mhusika anayegombana na ofisa kuhusu karatasi, tenganisha wazi haki na kibali, kwa sababu ugomvi wao wote umekaa hapo: ofisa anasema omba, mwenye bastola anasema siombi kilicho changu.

Tuje kwenye "serikali inayovuka mipaka". Lisome peke yake kama kichwa cha habari: Serikali ya Marekani yavuka mipaka. Nani hatadhani jeshi limeingia nchi ya watu? Kwetu wanaovuka mipaka ni wakimbizi, wafanyabiashara na majeshi. Ongeza neno moja au mawili nawe utakuwa salama: serikali inayovuka mipaka ya madaraka yake, au serikali inayojitwalia madaraka. Usiandike "matumizi mabaya ya madaraka", ingawa ni kauli iliyozoeleka. Kwetu hilo ni kosa la rushwa, la ofisa aliyejinufaisha. Malalamiko ya mlibertari ni mazito kuliko hayo: ofisa anaweza kuwa mwadilifu, hajala senti ya mtu, na bado amefanya kisichokuwa kazi yake.

Hapa pia utakutana na kiapo cha chama chao, kinachomtaka mwanachama apinge kuanza kutumia nguvu ili kufikia malengo ya kisiasa au ya kijamii. Nimewahi kuona kimefasiriwa "kupinga matumizi ya nguvu", na papo hapo mlibertari amegeuka mtu asiyejitetea akipigwa. Kiswahili kina neno lililo tayari kwa kazi hii: uchokozi. Anachopinga ni uchokozi. Kujihami anakukubali kabisa, na ndiyo sababu anaitaka ile bastola.

Ningeiandika sentensi yako hivi: "Riwaya hii inatetea haki ya kumiliki na kubeba silaha, na inailaani serikali inayovuka mipaka ya madaraka yake, kwa mtazamo wa walibertari." Utaona nimeondoa kupigia debe. Debe hupigwa na wapambe wa mgombea, na kwenye jalada msomaji ataona kitabu kinafanya kampeni kabla hajafungua ukurasa wa kwanza. Kunadi nako kumetawaliwa na wanasiasa wanaonadi sera. Kitabu kinatetea, mchapishaji ndiye anayekitangaza. "Wote" pia nimelitoa, kwani walibertari wenyewe hawaafikiani mambo mengi.

"Riwaya ya kisiasa" ibaki. Usijaribiwe kuandika "hadithi za kisiasa", maana mtaani hizo ni porojo za majukwaani. Wala usione haya kwamba ni riwaya yenye msimamo. Shaaban Robert alipotoa Kusadikika mwaka 1951 alimsimamisha Karama mbele ya mfalme, akashtakiwa na waziri Majivuno kwa kosa la kufundisha watu sheria, na kitabu kizima kikawa hoja dhidi ya watawala wasiotaka kuulizwa. Lugha yetu inaijua kazi hiyo tangu zamani.

Lililobaki ni midomo ya wahusika, na hapo ndipo tafsiri nyingi za aina hii hulegea. Vitabu vya walibertari vinapenda kurudi Waco, Texas, mwaka 1993, ambako maofisa wa serikali kuu walikwenda na hati ya upekuzi kutafuta silaha haramu kwenye makazi ya kikundi cha dini. Maofisa 4 wakauawa siku ya kwanza, mzingiro ukadumu siku 51, na zaidi ya watu 70 wakafa siku ya mwisho makazi yalipoungua moto. Tukio la siku ile ya kwanza lina majina matatu kwa Kiswahili. Operesheni ni neno la msemaji wa serikali. Msako ni neno la polisi na magazeti. Uvamizi ni neno la aliyevunjiwa mlango. Msimulizi mlibertari ataandika uvamizi, nawe umwachie, usimpoze kwa operesheni eti ili usiegemee upande. Ofisa ndani ya kitabu hichohicho atasema operesheni, na wa kwake pia usimbadilishie. Msomaji akiyasikia maneno hayo mawili yakigongana ukurasa mmoja, atajua nani anazungumza hata kabla hajaona jina.