Majeshi matatu: yaungane, yaunganishwe au yavunjwe?

SWALI: Hujambo Mwalimu. Nafundisha Kiswahili katika shule ya upili hapa Nakuru, si mbali na kambi ya jeshi ya Lanet. Wanafunzi wangu wanajiandaa kwa mdahalo, na hoja waliyoletewa inasema: "Huduma tatu za kijeshi za taifa ziungane liwe jeshi moja." Kikao cha maandalizi kiliishia katika ubishi wa maneno. Wengine wanasema hizo si huduma bali ni vikosi. Mmoja, ambaye babake ni mwanajeshi, anasema ni majeshi. Mwingine aliyesomea Tanzania anashikilia kwamba ni kamandi. Tena hatukuelewana kama ni "ziungane" au "ziunganishwe", "liwe" au "yawe". Na je, tuseme wanahewa au wanaanga? Tusaidie kabla ya mdahalo.

JIBU: Mwalimu mwenzangu, nimefurahi kwamba wanafunzi wamegombania maneno kabla ya kugombania hoja. Hoja hiyo ikiachwa ilivyo, upande mmoja utatetea jambo moja, upande wa pili utapinga jambo jingine kabisa, na majaji hawatajua nani kamjibu nani.

"Huduma" iondoeni. Huduma ni kitu anachopewa mtu: huduma ya maji, huduma ya afya, huduma za benki. Mkazi wa Nakuru au Kisumu akisikia "huduma moja" atakumbuka foleni ya kitambulisho katika kituo cha Huduma, si meli ya kivita. Najua tunasikia pia "Huduma ya Taifa ya Polisi". Huko neno lilichaguliwa kwa makusudi katika mageuzi ya Katiba ya 2010, ili polisi ajione mtumishi wa raia, na linaendana na kaulimbiu yao ya "Utumishi kwa Wote". Wanajeshi hawakuwekwa katika mkondo huo wa maneno. Aliyetunga hoja yenu alikuwa na Kiingereza kichwani, akachukua maana ya kwanza aliyoikuta kwenye kamusi.

"Kikosi" ni neno zuri, ila hapa linapwaya. Tuna kikosi cha zimamoto, kikosi cha timu ya taifa ya kandanda, kikosi cha wanajeshi waliotumwa nje kulinda amani. Kikosi ni kundi lililotengwa kwa kazi fulani, dogo au kubwa, na kwa kawaida ni sehemu ya kitu kikubwa zaidi. Ukisema "vikosi vitatu viunganishwe", msikilizaji ana haki ya kudhani mnazungumzia makundi matatu ya askari ndani ya kambi moja.

Anayesema "majeshi" ndiye anayefuata matumizi ya Kenya. Kifungu cha 241 cha Katiba kinayataja matatu: la nchi kavu, la wanahewa na la wanamaji. Kila moja lina siku yake ya kuzaliwa. La nchi kavu lilitokana na askari wa kikoloni wa KAR (King's African Rifles) wakati wa Uhuru, la wanahewa likaundwa tarehe 1 Juni 1964, na la wanamaji tarehe 12 Desemba mwaka huohuo. Anayeyasimamia yote huitwa Mkuu wa Majeshi, kwa wingi, na cheo hicho kimezunguka kote. Julius Karangi alitoka kwa wanahewa, Samson Mwathethe kwa wanamaji, Robert Kibochi kwa nchi kavu. Francis Ogolla, mwana wa Siaya aliyefariki katika ajali ya helikopta Aprili 2024, alikuwa mwanahewa, na aliyemrithi, Charles Kahariri, ni mwanamaji. Watu wa majeshi tofauti wameshika cheo kimoja chenye jina la wingi.

Yule aliyesomea Tanzania msimkemee, kwa sababu amesema kweli ya kwao. Huko kuna jeshi moja, Jeshi la Wananchi wa Tanzania, na ndani yake mna kamandi: ya nchi kavu, ya anga na ya wanamaji. Tofauti hii ina historia, na sehemu ya historia hiyo ilitokea hapo jirani yenu. Januari 1964 askari wa Tanganyika waliasi, na siku chache baadaye, tarehe 24, wakaasi askari wa kambi ya Lanet. Nyerere alilivunja jeshi alilorithi kwa wakoloni, na tarehe 1 Septemba 1964 likazaliwa jeshi jipya lenye jina jipya la Kiswahili. Kenya haikulivunja lake. Iliendelea na lile la nchi kavu, ikaongeza la pili na la tatu kando yake mwaka huohuo. Ndiyo maana Mkenya anahesabu majeshi na Mtanzania anahesabu kamandi. Lakini hata Tanzania wingi haukutoweka: jeshi lao ni moja kwa jina, ila kiongozi wake bado huitwa Mkuu wa Majeshi ya Ulinzi.

Wapo watakaopendekeza "matawi ya jeshi". Si kosa la lugha, ila neno hilo lina upande. Ukisema matawi umekwisha kusema kwamba shina ni moja, na mpinzani wa hoja amepokonywa nusu ya utetezi wake kabla hajasimama. Katika mdahalo wa Kenya, andikeni "majeshi matatu".

Waonyeni wanafunzi kuhusu jambo moja linalosikika sana mitaani kwenu. Watu wanaoishi karibu na kambi humwita mwanajeshi "jeshi", na wanajeshi "majeshi". Utasikia abiria akisema, "Majeshi watatu walishukia Lanet." Sentensi hiyo inaeleweka vizuri barazani, na upatanisho wake wa viumbe hai ndio unaookoa maana: ni watu watatu wameshuka kwenye matatu. Badilisha herufi mbili tu, useme "majeshi matatu yalishukia Lanet", na umeleta uvamizi. Jukwaani mtu asimame na "wanajeshi" kwa watu na "majeshi" kwa taasisi, kwa sababu neno "tatu" litatajwa karibu kila dakika na kiambishi chake kikiteleza hoja nzima inateleza nacho.

Sasa "liwe" au "yawe". Kiima cha sentensi yenu ni majeshi, na majeshi huchukua ya-. Kwa hiyo: "Majeshi matatu yaunganishwe yawe jeshi moja." Kinachokuwa jeshi moja ni hayo majeshi, hata kama mwisho wake ni umoja. Aliyeandika "liwe" alivutwa na neno "jeshi" lililofuata mbele. Anaweza kulihifadhi "li-" kwa njia moja tu, nayo ni kulifanya jeshi lenyewe kiima cha kishazi kipya: "yaunganishwe ili liwepo jeshi moja." Hapo li- ina mwenyewe. Zote mbili ni sahihi, ila ya kwanza ni nyepesi zaidi mdomoni.

Tumefika kwenye kitenzi, na hapa naomba wanafunzi watulie, maana ndipo mdahalo wenyewe ulipo.

"Kuungana" kuna kiambishi cha kutendeana. Wanaoungana wameendeana, kila mmoja kwa hiari yake, na mara nyingi kila mmoja hubaki na sura yake. Tanganyika na Zanzibar ziliungana tarehe 26 Aprili 1964, na Zanzibar ina serikali yake mpaka leo. Majeshi ya nchi mbili huungana dhidi ya adui mmoja, kisha vita vikiisha kila moja likarudi kwao. Jeshi la wanamaji halina hiari ya namna hiyo. Haliketi kikao na wanahewa wakaafikiana kuwa kitu kimoja. Uamuzi ni wa taifa, na kwa Kenya ingebidi Katiba ibadilishwe kwanza. Jambo linatoka nje ya majeshi na kuyapata majeshi, kwa hiyo kitenzi kinataka kusababisha na kutendwa kwa pamoja: yaunganishwe.

Hata hivyo "yaunganishwe" haijasema yote, na mfano wa Kanada unaonyesha kwa nini. Nchi hiyo ilifanya jambo hili kwa hatua mbili. Mwaka 1964 ilianzisha cheo cha mkuu mmoja juu ya majeshi yake matatu. Hapo kilichounganishwa ni amri, na majeshi yalibaki matatu. Kisha ikapitishwa sheria iliyopigiwa debe na waziri wa ulinzi Paul Hellyer, na kuanzia tarehe 1 Februari 1968 majeshi yenyewe matatu yakakoma kuwapo kisheria, likabaki moja. Wanamaji walivuliwa sare zao za asili wakavishwa sare ya kijani sawa na wenzao wa nchi kavu na wa anga. Kabla ya hapo, mwaka 1966, William Landymore, afisa wa ngazi ya juu wa wanamaji, alikuwa ameondolewa kwa kuupinga mpango huo waziwazi. Katika miaka ya 1980 sare tofauti zilirudishwa, na mwaka 2011 yakarudishwa hata majina ya zamani, ingawa kisheria jeshi limebaki moja.

Mtu akisema "Kanada iliunganisha majeshi", amesema hatua ipi? Ya kwanza haikuwa na uchungu mkubwa. Ya pili ndiyo iliyowagusa watu mwilini, kwenye sare na vyeo. Kitenzi kimoja hakitoshi kuzibeba zote mbili, na mjadala ukitumia kimoja kwa zote, kila upande utajichagulia hatua inayoufaa.

Kenya tayari imekwisha kupita hatua ya kwanza. Mkuu ni mmoja. Maafisa kadeti wa majeshi yote matatu hufunzwa pamoja katika chuo cha kijeshi hapo Lanet, na makurutu wao hufunzwa pamoja Eldoret. Mpinzani mwerevu akiletewa hoja ya "yaunganishwe" atasimama na kusema kwamba yamekwisha kuunganishwa, hakuna la kujadili, kisha aketi. Atakuwa ametumia neno vizuri.

Tuna pia mfano wa nyumbani. Baada ya jaribio la mapinduzi la tarehe 1 Agosti 1982, Jeshi la Wanahewa lilivunjwa. Wanahewa waliundiwa jeshi jingine lililobeba jina la mwaka huo, 82, likawekwa chini ya nchi kavu, na hadhi yake ya kujitegemea ikarudi mwaka 1994. Ukisimulia tukio hilo, Kiswahili chenyewe kinakupa vitenzi: lilivunjwa, likaundwa upya, likawekwa chini, likarejeshewa. "Kuungana" hakukai popote katika masimulizi hayo. Huwezi kusema wanahewa waliungana na nchi kavu mwaka 1982 bila kupotosha yaliyotokea.

Watu wa magharibi mwa Kenya wanaijua tofauti hii kutoka kwenye siasa. Chama cha ANC (Amani National Congress) kilipotangaza Januari 2025 kwamba kinaungana na UDA, chama cha rais, viongozi walisema "kuungana", na wasioridhika wakasema "kumezwa". Tangazo ni moja, vitenzi viwili, na kila kitenzi ni msimamo. "Kumezwa" kunauliza swali ambalo "kuungana" kunalifunika: baada ya siku hiyo, nani bado ana jina lake? Katika mdahalo wa majeshi swali hilo ni la haki kabisa, kwa kuwa jeshi la nchi kavu kwa kawaida ndilo lenye watu wengi zaidi, na katika jeshi moja lenye sare moja mila za walio wachache ndizo huwa hatarini. Wapinzani wa hoja waruhusiwe kusema "kumezwa", mradi wathibitishe. Lisiwekwe tu ndani ya hoja yenyewe, kwa sababu hoja haipaswi kupendelea.

Ninapendekeza hoja isomeke hivi: "Majeshi matatu ya taifa yavunjwe, liundwe jeshi moja la ulinzi." Tazama viambishi: ya- ni ya majeshi, li- ni ya jeshi jipya, kila kimoja na mwenyewe. "Yavunjwe" ni neno kali, na baadhi ya wenzako wataogopa kwamba linawatisha watetezi wa hoja. Mimi naona linawaheshimu. Anayetaka jeshi moja kwa dhati anataka hivyo hasa, yale matatu yaishe, na anastahili nafasi ya kusema kwa nini: pengine kupunguza gharama za idara tatu zinazofanya kazi moja, pengine kukomesha kushindania bajeti. Kama wanafunzi ni wa vidato vya chini na neno hilo linawalemea, tumieni "yaunganishwe yawe jeshi moja lenye sare na vyeo vya aina moja", ili wote wajue ni hatua ya pili inayozungumziwa.

Kwa kuwa huenda ukaniuliza, mimi ningepiga kura na wapinzani. Mema mengi ya umoja, yaani amri moja na mafunzo ya pamoja, tunayo tayari bila ya kuvunja chochote, na Kanada imetumia miaka mingi kuwarudishia watu vitu ilivyowavua.

Swali lako la mwisho lina jibu fupi. Mwanaanga ni mtu anayesafiri nje ya dunia kwa chombo cha anga za juu, kwa hivyo "Jeshi la Wanaanga" haliwezi kuwa la marubani wa kambi ya ndege za kivita ya Laikipia. Kenya husema Jeshi la Wanahewa, na askari wake ni mwanahewa, neno moja bila kistari. Tanzania husema Jeshi la Anga, bila wana-. Chagueni mojawapo na msiyachanganye katika hotuba moja. Kwa wale wa ardhini hakuna neno la muundo huo, kwa kuwa "wananchi" lina kazi nyingine. Waiteni wanajeshi wa nchi kavu.