Ganuni: sauti inavuma kama nyuki

Umeuliza kwa nini sauti moja ya ganuni yako (ala ya nyuzi nyingi ya taarab, inayolazwa na kudonolewa) inavuma kama nyuki, na ukijifunza kupiga uanze na mkono upi.

Kila sauti ina nyuzi tatu. Mmoja ukilegea kidogo tu, ndio huo mvumo. Kwanza tazama vibati vya kushoto, vile vidogo vya kupandisha na kushusha sauti: kimoja kikisimama nusu, utahangaika bure na ufunguo wa kukazia nyuzi. Kisha ziba nyuzi mbili kwa kidole, kaza wa tatu ulingane na programu ya kupimia sauti kwenye simu, hao wawili ufuatishe kwa sikio. Polepole! Daraja, ule mti unaobeba nyuzi, limekalia ngozi, na masika ngozi hulegea, sauti zote zinashuka.

Kuhusu kupiga: mkono wa kulia kwanza, risha (kijiti cha kudonolea nyuzi) imebanwa na pete kwenye kidole cha shahada. Wa kushoto baadaye, okteva moja chini.