Siri ya marehemu si ya kugawana matangani

Pole sana kwa msiba, dada. Umeuliza kama daktari alikosea kukataa kuwaeleza shemeji zako maradhi aliyokuwa akimtibu marehemu mumeo. Hakukosea. Kiapo cha Hippocrates, cha Wagiriki wa kale, tayari kilimtaka tabibu afiche ayaonayo na kuyasikia kwa wagonjwa. Azimio la Geneva la 1948, yaani kiapo cha kisasa cha madaktari, likalirudia sharti hilo, na mwaka 1968 yakaongezwa maneno kwamba siri hutunzwa hata mgonjwa akishafariki. Kwangu hayo ndiyo maneno mazito kuliko yote, maana maiti hawezi kujitetea.

Mipaka ipo. Mwaka 1976 Mahakama ya Juu ya California, katika kesi ya Tarasoff, iliamua kuwa mtaalamu wa afya ya akili ana wajibu wa kumlinda mtu ambaye mgonjwa wake ametishia kumdhuru. Huko maisha ya mtu yalikuwa hatarini. Shemeji zako wanataka kujua tu.

Usibishane nao peke yako. Mwombe mzee wa ukoo awaambie kuwa marehemu mwenyewe alinyamaza. Ila kama ugonjwa ni wa kurithi, muulize daktari faraghani wanao wapimwe nini.