Kuazima Data Bila Kuinakili

SWALI: Nina safu ya vipimo milioni 10 vya joto katika programu niliyoiandika kwa lugha ya Rust. Nikishaipeleka kwenye fanksheni ya wastani, kompaila (programu inayotafsiri na kukagua msimbo) hainiruhusu kuitumia tena kutafuta variansi (kipimo cha mtawanyiko) na mediani (thamani ya katikati), hivyo nalazimika kuinakili kila mara, na kumbukumbu inajaa. Nifanyeje?

JIBU: Fanksheni yako inaichukua safu iwe mali yake, ilhali haja yake ni kuisoma tu. Kiswahili kinalitenganisha jambo hili vizuri: aliyekopa hela hulipa hela nyingine zenye thamani ileile, lakini aliyeazima kitu hurudisha kitu kilekile. Unachohitaji hapa ni kuazima. Badili fanksheni ipokee azimo la safu, yaani `&[f64]`, badala ya safu yenyewe, `Vec<f64>`, nawe utabaki mwenye safu. Kila kipimo kinachukua baiti 8, kwa hiyo nakala moja inakula megabaiti 80, ilhali azimo lenyewe, katika kompyuta ya biti 64, ni baiti 16 tu: 8 za anwani ya safu na 8 za idadi ya vipimo.

Wastani na variansi hupatikana kwa kuipitia safu mara moja, kwa njia aliyoichapisha mtafiti B. P. Welford mwaka 1962, ambayo hutunza namba tatu tu: idadi, wastani wa hadi hapo, na jumla ya miraba ya tofauti. Chukua 2, 4 na 9. Wastani unaanza na 2, unakuwa 3, kisha 5. Jumla ya miraba inatoka 0 hadi 2, kisha 26. Ukiigawa 26 kwa 2, yaani idadi kasoro moja, unapata variansi ya sampuli, 13. Nakusihi usitumie njia ya kujumlisha miraba ya vipimo vyenyewe na kutoa mwishoni, kwani vipimo vikiwa vikubwa na vinavyokaribiana, tarakimu za maana hupotea.

Mediani ndiyo yenye ugumu wa kweli, kwa sababu hudai mpangilio. Ukiazima kwa ruhusa ya kubadilisha, yaani `&mut`, fanksheni ya Rust iitwayo `select_nth_unstable_by` itaipata bila nakala, lakini itavuruga mfuatano wa vipimo, na vipimo vya joto visivyojulikana vilipimwa lini havikufai tena. Mimi ningepanga orodha ya nafasi za vipimo kwa namba za `u32`, zenye baiti 4 kila moja, orodha ambayo huchukua megabaiti 40, nusu ya nakala kamili, na safu yako ikabaki kama ulivyoiacha.