Wodi isiyo na ripoti hata moja ya kosa, tuipe ngao?

Swali: Shikamoo Daktari. Mimi ni muuguzi mfawidhi na ndiye katibu wa kamati ya ubora hospitalini kwetu. Mwaka huu tumeamua kuzituza wodi zilizofanya vizuri katika usalama wa mgonjwa, na ngao tutazikabidhi tarehe 17 Septemba, Siku ya Usalama wa Mgonjwa Duniani. Tumepanga alama 100: alama 40 kwa wodi ambayo haikuwa na ripoti ya kosa kwa miezi sita, 30 kwa kunawa mikono, 20 kwa kujaza orodha hakiki ya upasuaji na fomu nyingine, na 10 kwa usafi. Wenzangu wanasema 40 hazitoshi, ziwe 50. Mgawanyo upi ni sahihi? Pia tumepata barua ya taasisi inayosema tumeteuliwa kuwa hospitali salama ya mwaka, ila tulipie ada ya ushiriki na meza ya hafla. Tukubali?

Jibu: Marahaba, dada. Hizo 40 msizifanye 50. Zifuteni zote kabla fomu haijachapishwa.

Barua kama yako hunijia kila Septemba inapokaribia, na karibu zote zina kipengele hicho hicho: asiyeripoti ndiye bingwa. Nimekieleza mara nyingi kiasi kwamba nikikiona naumia. Idadi ya ripoti haikuonyeshi makosa mangapi yametokea wodini. Inakuonyesha ni mara ngapi mtu aliliona kosa, akalitambua kuwa ni kosa, akapata kalamu na dakika kumi katikati ya zamu, kisha akaamini kwamba akiliandika halitamgeukia yeye. Kimoja kikikosekana, karatasi inabaki tupu na mgonjwa ameumia vile vile.

Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba mgonjwa 1 kati ya 10 hupata madhara akiwa anahudumiwa, na zaidi ya nusu ya madhara hayo yangeweza kuzuilika. Sasa chukua wodi ya vitanda 30 iliyojaa kwa miezi sita. Wagonjwa mamia wamepita, dawa zimetolewa asubuhi, mchana na usiku, na sanduku la ripoti halina kitu. Mimi nikiona hivyo siendi kupongeza mtu. Nakwenda kukaa na wauguzi wa zamu ya usiku.

Nikueleze nilichokikuta wakati mmoja. Niliitwa kukagua hospitali ambayo jina lake nalihifadhi. Ukutani mwa wodi ya upasuaji kulikuwa na ngao ya mbao iliyong'arishwa, ya wodi iliyokaa mwaka mzima bila kosa. Chini ya ngao ile kulikuwa na meza ya dawa. Nikavuta droo ya juu. Ampuli, vile vichupa vya dawa ya sindano, za kloridi ya potasiamu iliyokolea zilikuwa zimelala bega kwa bega na ampuli za maji ya kuchanganyia dawa, plastiki ile ile, ukubwa ule ule, maandishi ya samawati kwa zote mbili. Wewe ni muuguzi, unajua potasiamu hiyo ikisukumwa mshipani bila kuzimuliwa moyo unasimama. Ndiyo maana ushauri wa siku nyingi ni kwamba isikae kabisa kwenye meza za wodi za kawaida. Nikamuuliza binti mmoja wa zamu kama imewahi kutokea mtu akachukua isiyo yenyewe. Akatazama mlangoni kwanza. Akasema mara mbili mwezi ule, na mara zote mbili ilishavutwa kwenye bomba la sindano kabla mwenye nayo hajashtuka. Mbona hamkuandika? Akajibu kwa sauti ya chini, "Tungenyang'anywa ngao."

Yaani hatari iliyokwisha kujionyesha mara mbili, ambayo ingeondolewa kwa kumwita mfamasia na kuhamisha kasha moja, ilifichwa ili ubao ubaki ukutani. Waliobuni tuzo ile hawakuwa watu wabaya. Walikuwa na nia kama yenu.

Na si kisa changu peke yangu. Mwaka 1996 Amy Edmondson, mtafiti wa Marekani, alichapisha utafiti wake kuhusu makosa ya dawa katika wodi za hospitali. Alianza akitarajia kwamba wodi zenye viongozi wazuri na watu wanaoelewana zingekuwa na makosa machache. Takwimu zikaja kinyume: wodi hizo ndizo zilizoonekana kuwa na makosa mengi zaidi. Alipochunguza akaona kwamba katika wodi hizo watu walikuwa wakiyasema, na kule kwingine, kwenye wasimamizi wakali, waliyameza. Zaidi ya robo karne imepita tangu hapo, na bado tunampa kikombe anayemeza.

Kwa hiyo zile alama 40 zipelekeni wapi? Zipeni wodi iliyoripoti na ikabadilisha kitu kwa sababu ya ripoti hiyo. Hayo ya pili ndiyo yenye uzito, kwa sababu ripoti zinazojaza faili bila kubadilisha chochote huwachosha watu hadi wakaacha kuziandika. Kila wodi iwaletee tukio moja, hasa lile la nusura, ambalo mgonjwa hakudhurika. Waeleze lilitokeaje, walibadilisha nini, na miezi mitatu baadaye badiliko hilo bado lipo au limeshasahauliwa. Kisha kamati iende ikaone kwa macho. Kama wamesema potasiamu imehamishwa, fungueni droo.

Madhara yenyewe yapimeni pia, lakini yatafuteni nyinyi, msiyasubiri yaletwe. Chukueni majalada kadhaa bila kuchagua, muyasome yote: nani alianguka, nani alipata vidonda vya kulalia, nani alirudishwa chumba cha upasuaji bila kutarajiwa, nani alipewa dawa ya kuondoa sumu ya dawa nyingine. Hesabu zigawanywe kwa siku za kulazwa, kwa kila siku 1,000, la sivyo wodi yenye vitanda 8 itaishinda yenye 40 kila mwaka na hamtakuwa mmejifunza kitu. Kila wodi ilinganishwe na ilivyokuwa yenyewe mwaka uliopita. Wodi ya wagonjwa mahututi haishindani na kliniki ya macho.

Kuwa mwangalifu na maambukizi. Nimeona wodi zilizoshindania tuzo ya maambukizi machache zikaacha kupeleka sampuli maabara. Sampuli isipopelekwa vijidudu havioti kwenye kitabu cha maabara, na idadi inashuka vizuri sana huku homa zikibaki vitandani. Kabla ya kuisifu idadi iliyoshuka, angalieni kama idadi ya sampuli nayo imeshuka.

Kunawa mikono, zile 30, nakubaliana nanyi kwa nusu. Kama anayehesabu ni mtu mwenye koti jeupe na ubao wa kuandikia, aliyesimama karibu na sinki, mnapima jinsi watu wanavyonawa wakitazamwa. Katika hospitali moja ya Kanada walifunga mitambo ya kuhesabu matumizi ya dawa ya kusafishia mikono, na matokeo yakachapishwa mwaka 2014: mkaguzi alipokuwa akionekana, matumizi yalipanda karibu mara tatu. Tumieni waangalizi wasiojulikana, na mpime pia kiasi cha sabuni na dawa ya mikono kinachotumika kwa mwezi. Na kabla ya kumkata mtu alama, hakikisheni bomba linatoa maji.

Fomu zilizojazwa, zile 20, ziondoeni. Najua hili litawaudhi baadhi ya wajumbe, maana fomu ni rahisi kuhesabu. Orodha hakiki ya upasuaji ya Shirika la Afya Duniani, yaani mambo ambayo timu huthibitisha pamoja kwa sauti kabla na baada ya kupasua, ilijaribiwa katika hospitali nane za nchi nane, Ifakara nchini Tanzania ikiwa mojawapo, na matokeo yaliyotoka mwaka 2009 yalionyesha vifo vikishuka kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8 na matatizo makubwa baada ya upasuaji kutoka asilimia 11 hadi 7. Kisha jimbo la Ontario, Kanada, likaagiza hospitali zake zitangaze hadharani kiwango cha matumizi ya orodha hiyo. Zikatangaza karibu asilimia 100. Utafiti wa mwaka 2014 uliohusisha hospitali 101 za jimbo hilo haukukuta kushuka kwa vifo kunakoweza kuhesabiwa kuwa ni kwa sababu ya orodha.

Karatasi ni ile ile. Kinachotofautiana ni kama watu wanasimama kweli, wanatajana majina, daktari wa usingizi anaulizwa na anajibu, na muuguzi mdogo kuliko wote anaweza kusema "subirini, sijahesabu pamba" na mpasuaji akasubiri. Mimi nimeona fomu zimewekwa alama za vema zote kabla mgonjwa hajaingizwa. Ukitoa alama kwa fomu zilizojazwa, utapata fomu zilizojazwa. Ingieni chumbani, mkae pembeni, msikilize.

Alama za usafi zibaki, sina neno. Ila wahudumu wa usafi wenyewe wasiachwe nje ya tuzo. Tazameni pia wabeba wagonjwa, watu wa maabara, wa famasi na wa jikoni. Mbeba machela anayekataa kusukuma machela kwa sababu jina kwenye bangili ya mgonjwa halifanani na jalada, akasimama pale pale wakati mpasuaji anapiga simu kuulizia mgonjwa yuko wapi, huyo nataka kusikia jina lake jukwaani. Mara nyingi kamati hazimjui, kwa sababu siku ile alionekana mkorofi.

Na wakorofi wa namna hiyo wana historia ndefu. Mwaka 1847 daktari Ignaz Semmelweis aliwataka madaktari wa hospitali yake huko Vienna wanawe mikono kwa maji ya klorini kabla ya kuwapima wanawake waliokuja kujifungua. Vifo vya wazazi vikashuka sana. Miaka miwili baadaye mkataba wake haukuendelezwa. Kwa hiyo kamati isisubiri majina yaletwe na wakuu wa idara peke yao, kwani mkuu huleta jina la asiyemsumbua. Waulizeni wahudumu, waulizeni wagonjwa na wanaowauguza. Mkimpata aliyeripoti kosa lake mwenyewe, mwombeni ridhaa kabla ya kumtaja, na habari za mgonjwa zisitambulike.

Sasa ile barua. Hapa, dada, nisamehe nikiongea kwa ukali, na ukali huu si wako. Kuna biashara kubwa ya ngao. Mtu ambaye hajawahi kuvuka mlango wa wodi yenu anawaandikia kwamba mmeteuliwa. Hasemi na nani, kwa kigezo gani, wala kati ya wangapi. Anachokisema wazi ni ada. Mkilipa mnashinda, na mwakani mnapata barua nyingine ya ngazi ya juu zaidi yenye ada ya juu zaidi. Pesa hiyo ingenunua bangili za wagonjwa au kupanga masanduku tofauti ya dawa zinazofanana. Lakini hasara kubwa si pesa. Mgonjwa anayeingia getini hana namna ya kuijua wodi yenu. Anasoma bango, anaamini, anamwacha mtoto wake kitandani na kwenda nyumbani. Huyo ndiye anayedanganywa.

Hata hadhi isiyonunuliwa, iliyotolewa na mamlaka halali kwa nia njema, inaweza kufunika mambo. Uingereza, Februari 2008, taasisi iliyoendesha hospitali ya Stafford ilipandishwa kuwa na mamlaka ya kujiendesha, hadhi iliyokuwa ikipewa zinazohesabiwa kufanya vizuri. Katika miaka hiyo hiyo, kama uchunguzi ulioongozwa na mwanasheria Robert Francis ulivyoeleza, wagonjwa waliachwa bila maji ya kunywa na wengine walilala kwenye mashuka machafu. Uongozi ulikuwa umeshughulika na malengo na hesabu za fedha. Familia zilikuwa zikilalamika, na baadhi ya wafanyakazi nao walisema. Makaratasi yalisema vinginevyo, yakaaminiwa makaratasi, hadi ripoti ya wakaguzi wa huduma za afya ilipotoka mwaka 2009; ripoti ya mwisho ya Francis ilitoka mwaka 2013.

Hivyo yeyote anayewaletea ngao, awe mfanyabiashara, chama cha kitaaluma au wizara, muulizeni. Nani alikuja wodini, na alikuja kwa taarifa au kwa ghafla? Alifungua majalada mangapi? Alizungumza na wagonjwa wangapi bila msimamizi kusimama kando? Alimuuliza nani wa zamu ya usiku? Aliona kitu gani kilichokuwa kibaya mwaka jana ambacho sasa kimerekebishwa? Barua mliyopata haina jibu la swali hata moja kati ya hayo. Msiilipe. Na nyinyi wenyewe, kabla ya tarehe 17, jiulizeni maswali hayo hayo kuhusu ngao mtakazozitoa.